Mchoro unasema 210 Nm, laini wanasema imefika, QC anasema haijafika. Tushike la nani?

Trela40

Wakuu, habari za majukumu. Niko kwenye kiwanda cha kuunganisha trela hapa Dar, jina la kampuni tuliache. Kila asubuhi laini (vijana wanaounganisha) na QC (mkaguzi wa ubora) wanagombana, na mimi niko katikati kwa sababu mchoro unatoka mezani kwangu, ingawa niliurithi tu.

Jambo lenyewe ni miguu ya trela, ile inayoshushwa trela ikiachwa bila kichwa. Kila mguu unafungwa kwenye chesisi kwa bolti nane za M16, daraja 8.8, nati na washa bapa. Mchoro umeandika "Toki 210 Nm", yaani nguvu ya kuzungusha nati, kwa nyutoni-mita. Basi, hakuna kingine. Vijana wanakimbiza nati kwa bunduki ya upepo ikiwa imepunguzwa nguvu, halafu wanamalizia na toki renchi iliyosetiwa 210 mpaka ilie "tak". Renchi ina cheti na hakijaisha muda.

Kesho yake QC anakuja na renchi ya dijitali, anavuta kila nati kuelekea kukaza, anaandika namba ya juu kabisa iliyosoma. Mguu mmoja wa juzi ulimpa: 168, 224, 181, 239, 176, 231, 165, 228. Anasema mguu mzima umefeli, hakuna hata bolti moja iliyo 210. Laini wanaapa renchi ililia kwenye zote nane. Nilikuwepo, ililia kweli.

Halafu kuna hili: tangu tupokee shehena mpya ya bolti, tukifungua mguu kurekebisha kitu, baadhi ya nati hazitoki kwa vidole hata zikishalegea. Zinakwama njiani. Mwenye uzoefu anisaidie.

MzeeSpana

Kijana, nimeshika spana kabla hujazaliwa. Hizo namba zinawachanganya bure. Weka springi washa chini ya nati, kaza mpaka bega likuambie basi. Trela zangu zimekwenda Tunduma na kurudi, miguu iko pale pale.

KalibraMsa

Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote, bega nalo linataka cheti cha kalibresheni. Mikono iliyozoea ina tabia ya kuzidisha bolti ndogo na kupunja kubwa. M6 inakatika, M20 inaachwa na njaa, na mwenye bega anasikia sawa kote kuwili.

Trela40, mimi niko laini ya malori huku Mombasa na ugomvi huo naujua. Hao wawili wanapima vitu viwili. Namba ya laini ni toki nati ikiwa bado mbioni. Namba ya QC ni toki ya kuiamsha nati iliyolala usiku kucha. Kuianzisha kunataka nguvu zaidi kuliko kuiendeleza, kwa hiyo 224 au 231 inaweza kutokea bila mtu yeyote kukosea. Upande wa pili, kiungo chenyewe kinashuka kidogo baada ya kukazwa: vinundu vidogo vya chuma vinabonyea, bamba lililopinda linakaa, na bolti ya jirani ikikazwa hii ya kwanza inapoteza kidogo. Hapo usomaji unashuka. Kosa lenu ni kumpa QC mipaka ile ile ya laini.

Sisi tunaandika namba mbili, ya kukazia na ya kukagulia. Ya kukagulia haitoki kwenye fomula. Unakaza viungo kama thelathini kwa njia unayoiamini, unavipima vyote baada ya muda ule ule, unaangalia vinatawanyika vipi, ndipo unachora mipaka. Na huo muda uandikwe, maana dakika kumi baada ya kukaza na kesho asubuhi ni vipimo viwili.

Tena QC asiandike kilele. Renchi yake ikiwa na kipimo cha digrii, achukue toki nati ikiwa imeshasogea digrii mbili tatu. Kile kilele cha mwanzo ni kutu na kugandana tu. Na asipime kwa kulegeza, toki ya kulegeza huwa chini ya ile ya kukazia hata kiungo kikiwa kizima.

Lakini soma namba zako tena, ndugu: chini, juu, chini, juu, mpaka mwisho. Bahati haina mpangilio huo. QC alipima kwa kufuata nini?

Trela40

Duh. Alikuwa anakwenda nje, ndani, nje, ndani, akishuka chini. Zile za chini zote ni safu ya nje.

Safu ya nje washa zinakaa juu ya chesisi iliyokwisha kupakwa, koti mbili za praima na moja ya rangi ya juu. Safu ya ndani washa zinakaa kwenye bamba la kuongezea nguvu ambalo linakuja tupu.

KalibraMsa

Basi nusu ya kesi imekwisha. Rangi nene chini ya washa inabanwa, inatambaa pembeni, bolti inapoteza mvuto wake. Inaanza ndani ya dakika chache na inaendelea. Trela ikipata jua la mchana ndiyo kabisa. Fungua nati moja ya nje uangalie, utakuta pete ya rangi imefinyangwa kuzunguka washa.

Zibeni hapo kwa tepu kabla ya kupaka, au acheni praima nyembamba peke yake.

BodiMtaani

Samahani kudandia. Sisi tunaunda bodi za mabasi, tunakaza kwa bunduki ya upepo mpaka inagoma, hatuna hata hiyo renchi. Kuna ubaya gani? Mbona inagoma pale pale kila siku?

DadaMakenika

Haigomi pale pale, kaka. Inategemea upepo wa kompresa saa hiyo, urefu wa hozi, soketi imechakaa kiasi gani, na fundi ameshikilia kitufe sekunde ngapi. Wajerumani wana mwongozo wao wa kukokotoa viungo vya bolti, VDI 2230, na ndani yake kila njia ya kukaza inapewa kipimo cha mtawanyiko: bolti iliyobanwa zaidi gawanya kwa iliyobanwa kidogo zaidi. Bunduki ya kugonga, kama hiyo yenu ya upepo, inapewa 2.5 hadi 4. Maana yake kwenye bodi moja ya basi unaweza kuwa na bolti yenye mbano mara nne ya jirani yake, na zote "zimegoma". Toki renchi nayo si malaika. Ikitumika vizuri, msuguano ukiwa umekadiriwa tu kwenye jedwali, iko 1.6 hadi 2.

Trela40, nilikuwa nasubiri wamalize habari ya rangi nikuulize juu ya nati zinazokwama. Ila kwanza hesabu kidogo, kwa sababu mchoro wako una namba isiyo na mwenyewe.

Unachokitaka kwenye mguu wa trela ni mbano, yaani bolti ivutike kiasi, ibane mabamba mawili yasicheze. Toki ni njia tu ya kuufikia huo mbano, tena njia yenye mlango wa kuvuja. Katika kila Nm 100 unazotia, 50 hivi zinaliwa na msuguano chini ya nati, 40 hivi na msuguano wa meno, na 10 tu ndizo zinazovuta bolti. Hiyo 10 ndiyo mshahara wako, nyingine zote ni nauli. Nauli ikishuka kidogo tu, mshahara unaruka.

Kwa karatasi tunaandika T = K × d × F. T ni toki, d ni kipenyo cha bolti kwa mita, F ni mbano kwa nyutoni, na K ni kapu la msuguano wote. Chuma kikavu cha kawaida K huwa karibu 0.2. Ukitia greisi inaanguka mpaka 0.13 au chini yake.

Weka bolti yako. M16 ya meno ya kawaida ina eneo la mkazo la milimita mraba 157. Daraja 8.8 maana yake inakatika kwenye megapaskali 800 na kuvutika moja kwa moja kwenye asilimia 80 ya hiyo, yaani 640. Kwa hiyo ikifika kilonyutoni 100 hivi, hairudi tena urefu wake. Kwa 210 Nm ikiwa kavu, K 0.2, unapata kilonyutoni 65. Safi kabisa, naona aliyechora alikusudia hapo. Kwa 210 hiyo hiyo yenye greisi, K 0.13, unapata 101. Renchi imelia "tak" ile ile, cheti ni kile kile, bolti imeshakufa. Na hapo sijahesabu mkazo wa kusokotwa.

Swali sasa: kuna mtu anapaka kitu kwenye bolti?

Trela40

Dada, nimeshuka laini baada ya chai. Kwenye toroli la zana kuna kopo la maziwa ya unga lililokatwa, limejaa greisi ya beringi. Kijana anachovya ncha ya bolti, anafuta kidole kwenye ovaroli, anaingiza. Nikamuuliza nani kakwambia. Anasema bolti hizi mpya zinakwaruza, akipaka nati inapita laini na "renchi inalia vizuri". Zamu nyingine wanafunga kavu, hakuna aliyewaambia wapake wala wasipake.

Nimechukua bolti zilizotolewa nikazipima urefu kwa venia dhidi ya mpya. Moja imezidi karibu milimita 0.4. Nimejaribu nati mpya juu yake kwa vidole: inaingia vizuri kutoka nchani, ikifika pale palipokuwa wazi kati ya bamba na nati inagoma kabisa. Nyingine kutoka mguu huo huo iko sawa na mpya.

DadaMakenika

Iliyozidi ni maiti, itupe, usiruhusu irudishwe kwenye sanduku. Pale inapogoma ndipo bolti ilipovutika, meno yameachana, nati haiyatambui tena.

Na jibu la kwa nini nyingine iko sawa liko kwenye kidole cha yule kijana. Anachovya ncha. Mara greisi inafika kwenye uso wa nati, mara haifiki, na ule uso ndio unaokula nusu ya toki. Kwa hiyo ndani ya mguu mmoja una bolti za K ya aina mbili au tatu.

MzeeSpana

Sasa mnamwonea kijana. Bolti kavu inayokwaruza ukiilazimisha inaliwa meno. Mimi nisingefunga bila oili.

DadaMakenika

Mzee, hapo tuko pamoja, na nakuunga mkono kuliko unavyodhani. Sikusema aache greisi. Nasema mchoro uliamua 210 ukidhani bolti ni kavu, laini ikaamua greisi bila kuuliza mchoro. Mmoja wao abadilike.

Tena mimi ningebadilisha mchoro. Bolti kavu K yake inarukaruka, inategemea shehena, zinki, vumbi, unyevu. Yenye greisi inatulia zaidi. Ila hiyo K usiitoe kwenye jedwali la intaneti, ipime kwa bolti zako. Maabara wana mashine za kazi hiyo, na kiwango chake ni ISO 16047. Kama hamna, mnayo jeki ya haidroliki yenye tundu katikati?

Trela40

Ipo, ya kuvutia bushi. Ina geji ya baa.

DadaMakenika

Hiyo ndiyo mashine yako. Geji iwe imekaguliwa kwanza. Tafuta bolti ndefu za M16 za aina ile ile, zinki ile ile, pitisha kwenye tundu la jeki, weka washa na nati zile zile mnazotumia. Shika kichwa, kaza nati polepole kwa renchi ya dijitali, soma toki na shinikizo kwa pamoja. Shinikizo mara eneo la pistoni ndiyo mbano. Mfano pistoni ya milimita mraba 2,000: ikisoma baa 350 hiyo ni megapaskali 35, unapata kilonyutoni 70. Kisha K = T ÷ (d × F). Fanya kavu, fanya yenye greisi. Kila jaribio bolti mpya na nati mpya, usirudie ile ile, maana meno yakishasuguana mara moja msuguano wake unabadilika.

SoharFlanji

Nipo Sohar, Oman, tunafunga flanji za mabomba. Nyongeza mbili za haraka. Kwanza mpangilio: kwa msalaba, na kwa hatua. Sisi tunakwenda asilimia 30, halafu 60 au 70, halafu 100, halafu mzunguko wa mwisho kwa kufuata duara mpaka nati zisisogee tena. Ukipeleka bolti ya kwanza 100 moja kwa moja, ya jirani ikikazwa ile ya kwanza inalegea na hutajua. Kwa bolti nane za mguu hatua mbili zinatosha.

Pili, kwenye bolti kubwa sana tumeachana na toki. Tunavuta bolti yenyewe kwa haidroliki, nati inazungushwa kwa mkono, presha inaachiwa. Msuguano hauna la kusema hapo. Kwa trela ni anasa, sikushauri.

Kalipa_Tatu

Mimi ni mtu wa vipimo, naomba nimpe QC kazi ya nyumbani.

ISO 6789 inaruhusu toki renchi ya kubofya iwe na kosa la asilimia 4 juu au chini kwa renchi za zaidi ya Nm 10. Usipokuwa na utaratibu wako, inarudishwa kukaguliwa kila miezi 12 au kila mibofyo 5,000, chochote kitakachotangulia. Hesabuni bolti kwa siku. Laini yenye kazi inamaliza 5,000 muda mrefu kabla ya mwaka, na cheti cha ukutani bado kinasema halali. Cheti chenyewe kitoke maabara yenye ithibati ya ISO 17025, si karatasi ya dukani.

Vunjeni na tabia ya kubofya mara mbili tatu "kwa uhakika". Kila mbofyo wa ziada unasukuma nati kidogo. Shika mpini pale penye alama ya mkono, usiongeze bomba. Ukifunga kiendelezo kinachorefusha renchi kwa mbele, namba unayoseti si tena namba inayofika kwenye nati: zidisha toki unayotaka kwa urefu wa renchi, gawanya kwa urefu wa renchi jumlisha kiendelezo. Kazi ikiisha irudishwe kwenye namba ya chini kabisa ya skeli, isilale na springi imebanwa.

Na angalieni dirisha mnalosoma. Renchi nyingi zina skeli mbili. Mtu akiseti 210 upande wa paundi-futi, anatia Nm 285. Vitabu vya zamani vya Kijapani navyo vinaandika kilo-mita, hapo unazidisha kwa 9.81. Nimeona watu wakibishana siku nzima juu ya bolti kumbe wanabishana juu ya dirisha.

Jambo la mwisho, renchi ya kubofya haifai kukagulia. Ukiiweka 210 ikalia bila nati kusogea, umejua tu kwamba nati haikukubali kusogea kabla ya 210. Ile iliyovutwa mpaka ikafa nayo italia hivyo hivyo.

KalibraMsa

Enyewe. Na hapo ndipo digrii zinapoingia. Zana zetu za umeme zinasoma toki na pembe kwa pamoja, na skrini inachora mstari. M16 ya meno ya kawaida inasogea milimita 2 kwa mzunguko mzima, nusu milimita kwa robo. Kuanzia pale mabamba yanapogusana mpaka toki kamili, kiungo kizima kinachukua pembe inayojulikana. Mnaweka dirisha: toki ndani ya mipaka na pembe ndani ya mipaka.

Toki ikafika mapema, pembe ndogo? Bolti imeingia kombo, au meno yana uchafu, au imegonga mwisho wa tundu. Toki imechelewa, pembe kubwa? Washa imesahaulika na nati inazama, au bolti inavutika. Bolti ya kijana wa greisi ingeonekana papo hapo, mstari ungelala ubavu huku pembe inaongezeka.

Hamna zana hiyo? Kalamu ya rangi na kipimo cha pembe cha bei rahisi vinatosha kwa sampuli chache kila zamu.

MzeeSpana

Springi washa je? Mbona wote mmeiruka kama sikuisema.

DadaMakenika

Samahani mzee, haikuwa dharau. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba nati inafunguka hasa kiungo kikitikisika kwa ubavu, mabamba yakiteleza huku na huku chini ya kichwa cha bolti. Wakati huo msuguano unakuwa kama haupo na nati inajirudisha yenyewe. Springi washa zikipimwa kwa njia hiyo hazisaidii. Inalala bapa kwa nguvu ndogo sana ukilinganisha na mbano wa M16 ya 8.8, baada ya hapo ni washa tu iliyokatwa. Kinachozuia ni mbano wa kutosha mabamba yasiteleze, na bolti ndefu kiasi yenye nafasi ya kuvutika. Bolti fupi nene ikipoteza kidogo tu imepoteza karibu zote. Ukitaka kinga ya ziada kuna washa za kabari, au gundi ya meno. Ila gundi nayo inabadilisha K, usisahau.

MzeeSpana

Sawa, hiyo ya kuteleza kwa ubavu naikubali, nimeona alama zake kwenye chesisi, zinang'aa kama sarafu. Basi na mimi niwape moja. Yuboti za springi (zile bolti za umbo la U), hata mkipima kwa dhahabu, kazeni tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Majani ya springi yanakaa, rangi katikati yake inasagika, yuboti inabaki inacheza. Wengi mnakabidhi trela na kusahau.

KalibraMsa

Mzee kasema kweli tupu. Nati za magurudumu pia. Kwenye kitabu cha mteja sisi tunaandika kilomita 50 hadi 100 za kwanza arudie kukaza.

Riveti_Moja

Naona mnazungumzia toki kana kwamba bolti ipo. Tarehe 5 Januari 2024 Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ilitoka Portland, kipande kinachoziba nafasi ya mlango kikang'oka angani. Wachunguzi wa Marekani, NTSB, walikuta bolti nne za kukizuia hazikuwepo kabisa. Kipande kilifunguliwa kiwandani Renton ili riveti za jirani zirekebishwe, kikarudishwa bila bolti, na hapakuwa na kumbukumbu ya maandishi kwamba kilifunguliwa.

Kwa hiyo Trela40, mkifungua mguu "kurekebisha kitu" kama ulivyosema, hiyo iandikwe. Na alama ya rangi kwenye nati ipigwe na yule yule aliyekaza, mara tu baada ya renchi kulia, moja moja. Nimeona sehemu mtu anakaza nane, mwingine anapita baadaye na brashi anazipaka zote. Hiyo ni mapambo.

Trela40

Wakuu, nimerudi na majibu ya jeki. Bolti za shehena mpya, kavu: K imetoka 0.19 mpaka 0.25, na zile za 0.25 zinapiga kelele kweli, kijana hakudanganya. Zikipakwa greisi kwa brashi kwenye meno na uso wa nati: 0.12 mpaka 0.14. Sehemu ya nje tumeziba tepu kabla ya kupaka. Mguu wa majaribio, QC akipima dakika thelathini baada ya kukaza, safu ya nje na ya ndani hazitofautiani tena.

Rasimu ya maandishi mapya ya mchoro:

"Bolti M16 daraja 8.8 zinki, nati daraja 8, washa 200 HV. Uso chini ya washa usiwe na rangi zaidi ya praima. Paka greisi kwenye meno. Kaza kwa msalaba, hatua ya kwanza 70 Nm, ya pili 140 Nm ±10."

Bosi kaona 140 kapiga kelele, anasema tumepunguza usalama.

DadaMakenika

Mpe namba bosi. Zamani 210 kavu ilikupa kilonyutoni 53 mpaka 69 kwa K zako mwenyewe, na yenye greisi ikakupa 94 mpaka 109. Sasa 140 inakupa 62 mpaka 73. Ile ya chini imepanda na ile ya juu imeacha kuua bolti. Mzigo wa uthibitisho wa bolti hiyo, yaani ule inaoubeba bila kuvutika moja kwa moja, ni kilonyutoni 91, robo tatu yake ni 68, uko pale pale.

Marekebisho: andika "meno na uso wa nati unaogusa washa", usiandike meno tu. Taja greisi kwa jina na namba ya stoo, vinginevyo manunuzi watakuletea yenye molibdenamu na K itashuka tena. Andika wazi "kaza nati, kichwa kishikiliwe". Weka mstari wa "bolti na nati zikifunguliwa zisirudiwe". Na mipaka ya ukaguzi iwe na mstari wake, pamoja na dakika.

KalibraMsa

Ongeza daraja la hatari. Mwongozo wa VDI/VDE 2862 unagawa viungo A, B na C: A kikifeli mtu anaweza kuumia au kufa, B chombo kinasimama, C ni usumbufu tu. Mguu wa trela ukiangukia mtu, hiyo ni A. Kwa A utahitaji zana inayopima toki yenyewe moja kwa moja pamoja na kipimo cha pili, kama pembe. Renchi ya kubofya peke yake haifiki hapo, kwa hiyo bajeti ya bosi ianze kuandaliwa.

Trela40

Mipaka ya ukaguzi bado, QC anaendelea kukusanya viungo. Vingine vyote nimeingiza. Kopo la maziwa limeondolewa, kuna ndoo yenye lebo na brashi. Mchoro mpya unakwenda kusainiwa Jumatatu.

BodiMtaani

Sasa na mimi bodi ya basi, bolti za M10 kwenye mbao za sakafu, niweke ngapi?

DadaMakenika

Mbao? Kaka, fungua uzi wako. Mbao haina uhusiano na hesabu yoyote iliyoko humu.